FlyBase: tathmini ya hifadhidata ya inzi kwa anayetaka kujua jinsi ubongo unavyopanga ukubwa wa mwili

Nilianza kuitumia FlyBase kwa dhati kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja. Aliuliza: ikiwa mabuu wawili wa inzi wametoka kwa mama mmoja, na mmoja wao akanyimwa chakula cha kutosha, kwa nini aliyenyimwa hutoka akiwa inzi mdogo lakini mkamilifu, mwenye mabawa, macho na miguu ya uwiano uleule, badala ya kutoka akiwa inzi wa kawaida aliyekonda? Jibu tulilozoea kulitoa darasani, kwamba chakula kidogo huleta mwili mdogo, halielezi ni kiungo gani kinachopima chakula hicho, wala ni nani anayepeleka habari kwa seli za bawa na za jicho ili zote zipunguze kukua kwa kiasi kinacholingana. Nilitafuta mahali ambapo swali hilo limejibiwa kwa ushahidi, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikirudi kwenye tovuti hiyo karibu kila wiki. Tathmini hii ni ya huduma hiyo, na nimeipima kwa swali hilo peke yake.

Inzi mwenyewe ni Drosophila melanogaster, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na vibuyu vya tembo. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji wa Tanzania au Kenya anaposikia "inzi wa matunda" humfikiria kwanza Bactrocera dorsalis, mharibifu wa maembe aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara kubwa wakulima wetu. Huyo ni wa familia nyingine kabisa, na hatumkuti katika FlyBase. Drosophila melanogaster hushughulika na tunda lililokwisha kuanza kuchacha, akitafuta hamira inayomea juu yake. Asili yake ni Afrika, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulimkuta akiishi porini katika vilima vya Matobo, Zimbabwe, akitegemea tunda la mng'ongo. Ametoka kwetu, akaenea duniani pamoja na watu, na sasa ndiye mnyama ambaye jeni zake zinafahamika kuliko za wengi.

FlyBase ilianzishwa mwaka 1992, na kwa muda mrefu imeendeshwa kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Harvard na Indiana vya Marekani na Cambridge cha Uingereza. Kazi yake ni kukusanya yanayochapishwa kuhusu inzi huyu na kuyapanga kwa jeni. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, ina jeni zipatazo 14,000 zinazotoa protini, na kila jeni ina ukurasa wake. Thamani ya kurasa hizo inatokana na jambo lisiloonekana haraka: nyuma ya sehemu kubwa ya maelezo yaliyomo yuko mtaalamu aliyeketi akaisoma makala, akabainisha ni aleli gani (yaani toleo gani la jeni) iliyotumika na ni nini kilichotokea kwa mdudu, kisha akaiandika habari hiyo kwa msamiati uliokubaliwa. Utafutaji wa kawaida wa intaneti hukupa makala elfu moja zinazotaja neno lako. Hapa unapewa kauli, na kila kauli imefungwa kwenye kazi iliyoithibitisha.

Ili kuipima, nilichagua kisa kimoja ninachokifahamu, nikakifuata kutoka mwanzo hadi mwisho ndani ya tovuti. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Korea Kusini, likiongozwa na Kweon Yu, lilichapisha kazi kuhusu neuropeptidi iitwayo sNPF. Neuropeptidi ni kipande kifupi cha protini kinachotolewa na seli ya neva ili kuipa seli nyingine habari, na sNPF ina undugu na ile inayoitwa NPY kwa wanyonyeshao, ambayo huhusika na njaa. Kundi hilo lilionyesha kwamba inzi waliotengenezwa ili watoe sNPF nyingi kuliko kawaida huwa wakubwa zaidi, na kwamba wale walioharibiwa jeni hiyo huwa na seli ndogo katika tishu ya mafuta, huwa na glukosi nyingi zaidi mwilini, na huishi muda mrefu zaidi. Mtu anayekifahamu kisukari ataona mara moja kwamba dalili hizo zinaelekeza kwenye insulini, na huko ndiko ushahidi wao ulikoelekea.

Ukiandika sNPF katika kisanduku cha kutafutia, ukurasa wa jeni hiyo hufunguka bila matata. Juu yake kuna muhtasari wa sentensi chache, kisha zinafuata sehemu ndefu unazoweza kuzikunja na kuzikunjua: mahali ilipo kwenye kromosomu, kazi zake, tishu inamoonekana, aleli zake, jeni zinazofanana nayo kwa viumbe wengine, na orodha ya makala. Kutoka hapo nilikwenda kwenye kipokezi chake, kisha kwenye jeni za insulini, na mnyororo ukaanza kuonekana.

Mnyororo wenyewe ni huu. Katika ubongo wa inzi kuna seli za neva zinazotengeneza insulini, saba kila upande, kumi na nne kwa jumla, na nyuzi zake hufika hadi kwenye mshipa wa moyo ambako insulini humwagwa moja kwa moja katika majimaji yanayozunguka mwilini. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba ukiziua seli hizo chache, buu huchelewa kukua, inzi anayetoka huwa mdogo, na sukari hupanda mwilini mwake. Seli hizi zina kipokezi cha sNPF juu ya utando wake. Neuropeptidi inapokipata kipokezi hicho, kinasi iitwayo ERK (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine) huamshwa ndani ya seli, na jeni za insulini husomwa kwa wingi zaidi. Insulini iliyotolewa husafiri hadi kwenye tishu ya mafuta na kwenye vichipukizi vitakavyokuwa mabawa na macho, ikashika kipokezi kimoja tu, InR, na kutoka hapo ishara hupita kwa protini ya chico hadi kwa kinasi nyingine, Akt, ambayo huifukuza protini ya FOXO isikae katika kiini cha seli. FOXO ikiwa nje, kizuizi cha utengenezaji wa protini hakiandikwi kwa wingi, na seli hukua. Kwa inzi waliokosa sNPF kila kitu kilikuwa kinyume: Akt imepungua, FOXO imejaa kiinini, kizuizi kimeongezeka, seli zimebaki ndogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la mwanafunzi wangu, kwa sababu ishara inayopita katika majimaji ya mwili huzifikia tishu zote kwa wakati mmoja, na ikipungua hupungua kwa zote. Inzi aliyekomaa hakui tena; ngozi yake ngumu hairuhusu. Kukua kote hufanyika katika siku nne hivi za ubuu, ambamo uzito huongezeka takribani mara mia mbili, na ukubwa atakaokuwa nao maisha yake yote huwa umekwisha kuamuliwa anapoingia hatua ya pupa.

Sasa nieleze mahali ambapo mgeni wa tovuti hii atapotea, nami naona ni vyema aonywe kwa undani. Majina ya jeni za inzi yalitolewa na waliozigundua, kila mmoja kwa namna alivyomwona mdudu wake, na FlyBase hulazimika kuchagua jina moja rasmi kwa kila jeni. Makala ya mwaka 2008 inazungumzia ERK, lakini ukurasa wa jeni hiyo una jina rolled, kwa sababu mutanti wake wa kwanza, yaani mdudu mwenye jeni hiyo iliyobadilika, alikuwa na mabawa yaliyojikunja kingo. Makala inazungumzia 4E-BP, kile kizuizi cha utengenezaji wa protini. Ukurasa wake unaitwa Thor. Kipokezi kinachoitwa sNPFR1 katika makala kimeandikwa sNPF-R katika tovuti, na insulini ambazo watafiti wengi huziandika dilp1, dilp2 na kuendelea zimo kwa jina Ilp1, Ilp2. Chico ni neno la Kihispania la mtoto mdogo wa kiume, na angalau jina hilo lina maana inayosaidia, kwa kuwa inzi asiye na jeni hiyo huwa na uzito usiofika nusu ya mwenzake. Tovuti huyatambua majina ya zamani na kukuelekeza kwenye ukurasa sahihi, na kila ukurasa una orodha ya majina mengine ya jeni hiyo. Hata hivyo msomaji asiyejua kwamba Thor na 4E-BP ni kitu kimoja anaweza kusoma kurasa mbili za fasihi akidhani ni jeni mbili, na mnyororo ukamkatikia mkononi. Ushauri wangu ni kuwa na karatasi pembeni na kuandika kila jina pamoja na majina yake mengine kabla ya kusonga mbele.

Jambo ninalolisifu kuliko yote ni namna tovuti inavyotofautisha uzito wa ushahidi. Katika sehemu ya kazi za jeni, kila mstari una alama inayoeleza kauli hiyo ilipatikanaje: kwa kumtazama mutanti, kwa jaribio la moja kwa moja juu ya protini, kwa mwingiliano wa jeni mbili, au kwa kulinganisha tu mfuatano wake na jeni ya kiumbe mwingine. Tofauti hizi ni kubwa. Kusema kwamba jeni fulani inadhibiti ukuaji kwa sababu wadudu waliokosa jeni hiyo wametoka wadogo ni jambo moja, na kusema hivyo kwa sababu kompyuta imeona inafanana na jeni ya panya ni jambo jingine. Vitabu vingi vya mafunzo huzichanganya kauli hizo mbili katika sentensi moja yenye uhakika sawa. Nimewafundisha wanafunzi wangu kuutazama mstari huo kwanza, na nimeona wakianza kuuliza swali hilo hata kwa makala za lishe na dawa wanazotumiwa katika simu zao.

Udhaifu mkubwa uko upande wa vipimo. Msamiati uliokubaliwa huwezesha kulinganisha, lakini hupunguza utajiri wa habari: mara nyingi ukurasa utakuambia kwamba mwili wa mutanti ni mdogo bila kukuambia ni mdogo kiasi gani, kwa dume au kwa jike, kwa chakula gani na katika joto lipi. Kwa jeni ya chico, makala ya awali ya mwaka 1999 iliripoti upungufu wa uzito wa asilimia 65 kwa majike na 55 kwa madume, na tofauti hiyo ya jinsia ni habari yenye maana. Katika suala la ukubwa wa mwili, ambalo kwa asili yake ni suala la kiasi, ukosefu wa namba unauma, na anayehitaji kiasi hana budi kuifungua makala yenyewe. Nyingine hufunguka bure, nyingine hudai malipo ambayo shule nyingi hazina.

Lipo pia pengo la aina nyingine. Kurasa zimepangwa kwa jeni, ilhali ukuaji haupangwi na jeni moja. Seli zile kumi na nne hupokea ushauri kutoka pande nyingi. Tishu ya mafuta, ambayo kwa inzi hufanya kazi za ini na za mafuta yetu, hupima asidi amino zinazotoka katika chakula na kuupelekea ubongo ishara za kuruhusu au kuzuia insulini isitoke, jambo lililoonyeshwa Ufaransa mwaka 2009. Mwaka 2012 ishara mojawapo, protini ya Upd2, ilielezwa kuwa na kazi inayofanana na ya leptini ya binadamu, homoni inayoupa ubongo habari za akiba ya mafuta. Mwaka 2015 ikaongezwa peptidi ya CCHa2, inayotoka katika tishu ya mafuta na utumbo na kuzichochea seli hizo moja kwa moja. Insulini zenyewe ni nane, na hazitoki mahali pamoja: Ilp2 hutoka ubongoni, Ilp6 hutoka zaidi katika tishu ya mafuta, na Ilp8 hutolewa na vichipukizi vya mabawa vinapojeruhiwa, kisha huuagiza ubongo ucheleweshe hatua ya pupa ili viungo vingine visubiri. Kila kipande cha habari hii kimo ndani ya FlyBase, lakini kimo katika ukurasa wake.

Waendeshaji wanalijua pengo hilo, na wameandaa kurasa za njia za ishara, ukiwemo wa kipokezi cha insulini, ambamo washiriki wa njia wamewekwa katika makundi: walio kwenye uti wa njia, wanaoiongezea nguvu, na wanaoipunguzia. Nimeutumia sana ukurasa huo na ninauthamini. Ila unaanzia pale insulini inapokutana na kipokezi chake. Habari ya nyuma yake, yaani ni neuropeptidi gani zilizoifungulia mlango insulini hiyo, inabidi uitafute mwenyewe kwa kupita ukurasa baada ya ukurasa. Mtu aliyekuja akiwa na mnyororo kichwani atapata uthibitisho wa kila pete. Aliyekuja bila mnyororo ataondoka na rundo la pete.

Kwa anayetaka kupita hatua ya kusoma, sehemu ya mbegu za inzi ni ya msaada mkubwa. Kila ukurasa wa jeni huorodhesha wadudu hai wanaoweza kuagizwa kutoka vituo kama vya Bloomington nchini Marekani, Vienna na Kyoto. Humo utapata inzi wenye mfumo wa GAL4 na UAS, uliochapishwa mwaka 1993, unaomwezesha mtafiti kuiwasha au kuizima jeni katika seli anazozichagua peke yake. Kwa kutumia kiwashio cha Ilp2 anaweza kuigusa ERK ndani ya zile seli zinazotengeneza insulini bila kuigusa kwingineko mwilini. Bila uwezo huo tusingejua kwamba sNPF hufanya kazi yake ya ukuaji kupitia seli hizo. Kuwaagiza wadudu hai kunahitaji vibali vya nchi inayopokea na subira, lakini si jambo la kufikirika tu katika ukanda wetu: mafunzo ya kutumia Drosophila yamefanyika Ishaka, Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tangu miaka ya mwanzo ya 2010, chini ya shirika la TReND in Africa.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina mengi. Kusoma ni bure na hakuhitaji kujisajili. Kurasa ni ndefu na zimepangwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Kwenye simu majedwali husumbua. Lugha ni Kiingereza peke yake, tena Kiingereza cha maabara, na kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita ni lazima mwalimu awe kando yake. Zipo video fupi za mafunzo ya kutumia vifaa vya tovuti, na aliyeanza nazo hujiokolea saa nyingi.

Lipo moja linalonihuzunisha. Mwaka 2025 ruzuku ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikiigharimia kazi hii kupitia Harvard ilisitishwa, baadhi ya wafanyakazi wakapoteza ajira, na waendeshaji wakaomba michango kwa watumiaji. Sehemu ya kazi inahamia pia katika ushirikiano wa pamoja na hifadhidata za panya, samaki, minyoo na hamira. Hifadhidata ya namna hii haiwezi kubaki vilevile isipotunzwa, kwa sababu makala mpya hutoka kila juma, na siku wataalamu wanaozisoma watakapokosekana, kurasa zitaendelea kufunguka lakini zitakuwa zinaeleza elimu ya jana. Maabara zenye fedha zichangie.

Kwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au daktari anayetaka kuelewa insulini ilikuwa ikifanya nini kabla haijawa dawa ya sindano, naipendekeza FlyBase bila kusita, kwa sharti la kuingia na swali mahususi. Asianze na sNPF kama nilivyoanza mimi. Aanze na chico, ambaye ukurasa wake unaeleweka kwa urahisi na mutanti wake anaonekana kwa macho. Kisha apande hadi InR, Ilp2, na mwisho neuropeptidi zilizo juu yake. Nimeupanga hivyo mpango wa kipindi changu cha muhula ujao, na yule mwanafunzi aliyeuliza swali ndiye atakayefungua ukurasa wa kwanza mbele ya wenzake.